Mawe Sita Hadi Ukingoni

Maji yalipanda shemeji yake mshonaji akiwa bado anachomoa ndoana mdomoni mwa kambare. Alipoinua uso, njia waliyojia imeshamezwa na mto.

Mshonaji alitazama huku na huku. Kijisiwa cha changarawe walichosimama hakikuzidi sebule yake. Asubuhi walivuka kwa miguu, maji hayafiki hata magotini. Hapa halikudondoka hata tone la mvua. Ilinyesha huko juu milimani, na sasa mto ulikuwa unateremka na magogo.

"Shemeji, kusanya vitu tuondoke."

Shemeji, fundi bomba, mdogo wa mume wake, akarukia jiwe lenye utelezi. Mguu ukalia kwa sauti kavu. Alijaribu kusimama, akakaa tena, jasho linamtoka.

"Umevunjika," mshonaji akasema.

"Nimevunjika. Piga simu."

Simu zote mbili zilikuwa kwenye kapu, na kapu limeshachukuliwa na maji.

Na nani angewatafuta hapa? Hilo shimo walijichimbia wenyewe. Wavuvi wa bustani ya umma iliyo nyuma ya matete hawaambiani ukweli; ukipata mahali pazuri, unaficha. Hawa wawili ndio walikuwa wabobezi. Kila Alhamisi waliegesha baiskeli kando ya bwawa la bata, wakatundika ndoo mtini watu waione, kisha wakapenya matete nusu saa nzima hadi kwenye kona hii ya mto. Wenzao wakashinda bwawani wakivua majani, na wao wakicheka mpaka mbavu ziume. Leo watu wangeona baiskeli hazina wenyewe, wangetafuta maiti kwenye bwawa la bata.

Maji yakagusa viatu.

"Nenda, shemeji," fundi akasema. "Wewe unaogelea. Mwambie kaka..."

"Kaka yako mwambie mwenyewe. Mimi sibebi wosia wa mtu anayepumua."

Alichana pindo la gauni, akavunja fimbo ya kuvulia vipande viwili, akaufunga mguu katikati yake.

"Fimbo yangu mpya hiyo," fundi akaguna.

"Na mguu ni wa zamani, lakini huna mwingine. Tulia."

Kisha akasimama, akausoma mto. Mwaka mzima wanawe walimwimbia wimbo mmoja: mama, kwa umri huo kaa nyumbani, samaki wapo sokoni. Haya, nani kati yao alijua samaki hulala wapi? Samaki hashindani na mkondo. Hujibanza nyuma ya jiwe, maji yanapotulia. Miaka kumi na moja mshonaji alitupa mshipi hapo hapo. Aliyajua mawe yote sita hadi ukingoni, hata yaliyozama, kwa jinsi maji yalivyovimba juu yake.

"Shika mabega. Ukinikaba shingo nakuacha katikati."

Jiwe la kwanza walilifikia kwa miguu. La pili kwa kuelea. Nyuma ya la tatu walipumzika, maji kifuani, fundi anauma meno asipige kelele. Walipotoka hapo gogo likampiga mshonaji ubavuni. Akazama, akameza matope, akaibuka na fundi bado mabegani, amelikosa jiwe la nne, na mto unamvuta.

"Hunipati," aliuambia mto, kwa hasira ya kweli. "Leo hunipati."

Alirusha mkono, kucha zikashika jiwe la tano. Zilivunjika, hakuachia. La sita hakulikumbuka baadaye. Alikumbuka mizizi, tope, na fundi akitapika pembeni yake, mzima.

Alimlaza pakavu, akapita kwenye matete peku.

Bwawani alikuta watu; walikuwa wameziona baiskeli, wakamwita mumewe na wanawe. Mumewe amekaa chini, amejishika kichwa. Na ndani ya maji, hadi kifuani, walikuwa wale wale wavuvi aliowacheka miaka yote, wameshikana mikono, wanapapasa tope kwa miguu wakiwatafuta yeye na shemeji. Mmoja alikuwa analia waziwazi. Mshonaji akaona aibu ambayo mto haukumpa.

"Mlikuwa wapi?" huyo akauliza.

"Kwenye kona ya mto, nyuma ya matete. Kambare wa huko wananona, na tumewaficha siku zote. Shemeji yuko hai, amevunjika mguu. Leteni kitu cha kumbebea."

Mwanawe mkubwa akamshika mkono. "Mama, kaa chini. Sisi tutakwenda."

"Niachie. Njia naijua mimi."

Akageuka, akaingia kwenye matete akichechemea, nao wote wakamfuata.