Kipande kwa Kipande

Kioo cha pembeni kilipata ukungu saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali kiasi cha kuunguza bati la uani. Ulikuwa ukungu mdogo wa duara, kama ule anaouacha mtu anayepumulia kioo ili akifute. Fundi viti aliutazama, akaufuta kwa kiganja, akajiambia kwamba kioo kipya kina mambo yake. Kilikuwa kipya kwake tu. Alikuwa amekifunga asubuhi ile ile, kimetoka kwenye mkweche uliokaa mvuani miaka sita.

Gari lilikuwa la binti yao, yeye na mkewe. Alilinunua likiwa limeshatumika, kwa mishahara yake ya kwanza ya ukarani, na baba yake akalishonea viti upya kwa kitambaa cha rangi ya udongo, uzi mara mbili kila pindo. Binti alikuwa na maneno mengi tangu utotoni, wakamwita Chiriku, na jina hilo likawashika wazazi wenyewe: yeye akawa Baba Chiriku, mkewe Mama Chiriku. Homa ya siku nne ilimchukua. Tangu hapo nyumba ikanyamaza kwa namna ambayo wageni waliiona ni subira. Haikuwa subira. Mume na mke hawakuweza kumtaja bila mmoja wao kuinuka na kutoka, basi wakaacha kumtaja. Majirani waliendelea kuwaita kwa jina lile, na kila walipoitwa waliitika kama watu waliokanyagwa kidole.

Ila kila alasiri, akishafunga kazi, Baba Chiriku aliingia ndani ya gari, akakaa kiti cha abiria, akanyoosha mkono akawasha injini. Kiti cha dereva hakukigusa. Hapo ndipo alipozungumza. Alimkumbusha binti yake siku alipoigonga ndoo ya jirani akashuka kuiomba radhi ndoo. Alimkumbusha alivyocheka kwa kuanza na kwikwi, alivyoimba maneno ya uongo kwenye nyimbo asizozijua, alivyowaita madereva wengine wote "mjomba", hata wanawake. Injini ikinguruma, alihisi yupo anayesikiliza. Isipowaka, alihisi amekatiwa simu.

Na injini ilianza kukataa. Kiwanda kilikuwa kimeacha kutengeneza toleo lile miaka kumi na moja nyuma. Baba Chiriku alizunguka maduka ya spea na dinamo iliyokufa ndani ya mfuko wa nailoni. Muuzaji mmoja aliigeuza mkononi, akamwita mwenzake aje aone, akasema, "Mzee, hili si gari tena, hili ni kumbukumbu." Hakukusudia ubaya. Alicheka mwenyewe, kisha akamwelekeza kwa mtu mmoja wa vyuma chakavu aliyeitwa Nati.

Nati alikuwa na mkweche mmoja wa toleo lile, labda wa mwisho. Mbele ulikuwa umebonyea kama kopo lililokanyagwa. Alisema wazi kwamba mwenye gari alifia humo humo, na ndugu zake hawakutaka hata kuja kuliona. Akaeleza na kanuni yake: mizoga yote huuzwa tanurini kwa uzito uliokwisha andikwa, kwa hiyo kikitoka kimoja kiingie kimoja. Anayechukua dinamo nzima aache ile mbovu, tena aifunge mahali pake kwa nati zake zote, maana kinacholala chini huibwa.

Mtu mwingine angefunga nati mbili akaondoka zake. Baba Chiriku alikuwa fundi, na mkono wake haukujua kazi ya kulipua. Alikifuta kila kipande kilichotoka kwa binti yake, akakiweka sawa sawa ndani ya mzoga, akakaza mpaka mwisho. Kisha akaifunga ile spea kitambaani, akaipakata njia nzima, na alipoipachika kwenye gari la uani alisema maneno ambayo hata yeye hakujua kwa nini yalimtoka:

"Karibu nyumbani, mwanangu."

Alisema hivyo kwa dinamo. Akasema hivyo kwa kioo, kwa mota ya wipa, kwa pampu ya mafuta, kwa mkanda wa kiti cha dereva, na mwisho kwa spika mbili za milangoni. Miezi mitano ilipita akienda na kurudi, kila mara kwa kilichoharibika.

Gari likawa linawaka kwa mguso mmoja, lakini ndani palibadilika. Harufu ya mafuta ya nywele iliyokuwa imejificha kwenye kiti ilipungua kila wiki, na mahali pake pakaja harufu ya udongo mbichi na nguo iliyokaushwa ndani. Siku moja ya kiangazi wipa zilipanda na kushuka mara tatu, polepole, kama mtu anayepangusa uso. Siku nyingine mkanda ulijivuta, ukapita juu ya kiti kitupu, ukajifunga. Baba Chiriku aliuangalia ule mkanda ulivyojaa hewani kwa mbele, kana kwamba umezunguka kifua, akaogopa, na ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine alichoona aibu kukitaja. Ilikuwa furaha.

Mama Chiriku hakuwahi kuingia kwenye gari lile tangu mazishi. Alianika nguo upande wa pili wa ua na kupita mbali nalo, kama watu wanavyompita mbwa wasiyemjua. Hakumkataza mumewe. Aliona kila mtu anajifunga jeraha kwa kitambaa alichokipata, na mumewe alipata hicho.

Alasiri moja aliingia chumbani akiwa na pini za nguo bado mkononi. Mumewe alikuwa anatoka kuoga.

"Ulikuwa bafuni muda wote huu?" alinong'ona.

"Nilikuwa bafuni."

"Basi nani anasimulia habari ya ndoo huko nje?"

Wakatoka pamoja, yeye mbele na mkewe nyuma akiwa amemshika shati kiunoni, wakasimama penye kamba ya nguo ambapo shuka iliyolowa iliwaficha, na kutoka ndani ya gari, injini ikiwa imezimwa na redio haina hata waya, ikawajia sauti ya chini iliyosoma maneno ya Baba Chiriku mwenyewe, neno kwa neno, na pumzi zake na kikohozi chake kidogo cha katikati, habari ya ndoo, habari ya nyimbo, habari ya mjomba, ikifika mwisho ikarudi mwanzo na kujaribu tena, mara hii nyembamba kidogo, mara hii kwa kasi kidogo, kama mwanafunzi anayekariri somo na kujisahihisha, mpaka ilipofika kwenye kicheko ikaanza na kwikwi, ikakosea, ikanyamaza, ikaanza tena na kwikwi.

Sauti ile haikuwa ya mtu yeyote bado.

Walimleta mganga siku iliyofuata. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba wa kazi kama wa mwalimu, na hakuwa na haraka. Alilizunguka gari, akagusa kila kitu kilichotoka kwa Nati bila kuonyeshwa, akaomba kiti, akauliza vipande vya zamani viko wapi. Baba Chiriku alipomweleza kanuni ya Nati, mganga alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Jini huyu hakuvunja mlango, kaka yangu," alisema. "Umembeba mwenyewe kipande kwa kipande, na kila kipande ukakikaribisha. Na vya binti yako ukavipeleka kule kwa mikono hiyo hiyo."

Hakusema kwamba binti alikuwamo ndani ya vyuma vile. Alisema hajui wafu huacha nini wala wapi, na anayejua hajawahi kukutana naye. Alichojua ni njia ya kumrudisha mgeni: kila kipande kiende kilikotoka, na kila kilichokuwa cha binti kirudi. Gari halitawaka tena maisha. Lakini litakuwa la binti yao, na kama kuna chochote alichokiacha humo, watakuwa nacho.

Baba Chiriku hakungoja amalize. Alichukua spana zake akaenda.

Pale uwanjani kwa Nati palikuwa na umbo la gari lililochorwa kwa nyasi zilizokosa jua. Lori la tanuri lilikuwa limepita siku tatu kabla. Nati alimwona mzee anavyoyatazama yale majani meupe, akamletea kiti. Akamwambia tu kwamba angelijua angemwekea, na kwamba kufikia sasa chuma kile kimeshakuwa nondo. Baba Chiriku alikaa akihesabu vidoleni: dinamo, kioo, mota, pampu, mkanda ambao binti alijifunga kila siku, spika zilizoimba. Vyote alivifunga yeye, tena vizuri, mpaka mwisho.

Aliporudi, mganga alielewa kwa kumtazama. Akawaambia kwamba sasa pamebaki kumfukuza tu, bila pa kumpeleka. Linawezekana. Akawasha ubani, akaanza kisomo kwa sauti ndogo, na gari likaanza kutetemeka kama mtoto mwenye baridi.

"Nimekaa mvuani miaka sita," spika zilisema. Ilikuwa sauti ya kijana wa kike, karibu kabisa na ya binti yao. "Hakuna aliyekuja. Akaja huyu baba. Akanifuta, akanipakata, akaniita mwanangu. Mnanifukuza niende wapi?"

Baba Chiriku alijifunika uso kwa mikono miwili. Mganga aliendelea kusoma, lakini polepole zaidi, akiwatazama wenye nyumba, maana jini hatolewi ikiwa wenye nyumba hawajatamka kwamba atoke.

Mama Chiriku ndiye aliyesogea. Alikwenda hadi kwenye dirisha la dereva, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu mazishi.

"Unasema wewe ni nani?" aliuliza.

"Chiriku," ilisema sauti, na sasa ilikuwa yenyewe hasa.

"Haya. Siku ile ya nne, baba alipokwenda kutafuta dawa, tulibaki wawili. Uliniambia neno. Nitajie."

Mumewe aliondoa mikono usoni. Hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na neno. Mwaka mzima walikuwa wamelala kitanda kimoja, na yeye alikuwa akitoka kila alasiri kwenda kulizungumzisha gari.

Moshi wa ubani ulipanda wima. Kisha ile sauti ikasema, bila ujanja, kama mtoto anayekiri:

"Sijui, mama. Niambie."

Mganga aliacha kusoma. Baadaye angesema kwamba amekutana na majini wanaotisha, wanaotukana na wanaodai vitu, na hajawahi kushindwa na mmoja wao kama alivyoshindwa na lile "niambie".

Tangu mazishi hakuna mtu aliyemwambia Mama Chiriku amweleze. Alifungua mlango, akaketi kwenye kiti cha binti yake, akaufunga. Baba Chiriku alikimbilia dirishani. Kupitia kioo alimwona mkewe akiwa ameinamisha kichwa upande, anazungumza haraka haraka, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, anatulia kidogo kusikiliza, anaitikia, anaendelea.

"Nami niambie," alisema Baba Chiriku. Aligonga kioo kwa kidole kimoja. Aligonga tena. Ndani walikuwa wawili wanazungumza, na hakuna aliyegeuka.