Sauti ya Mama Kwenye Gemu ya Obedi

"Odeta, hiyo si sauti yangu?"

Mama Odeta aliuliza kwa kunong'ona, lakini watu wa kiti cha mbele wakageuka. Kwenye skrini kubwa ya ukumbi, mwanamke mwenye beseni la samaki kichwani alikuwa akikimbilia pantoni ya kuvukia ziwa, na spika zikiita: "Sato wa moto! Sato wa moto, abiria!"

"Ni yako, mama," Odeta alijibu akitabasamu. "Nyamaza sasa, Obedi anaanza."

Obedi, mchumba wake, alishika maiki. Shati jeupe alilovaa, Odeta ndiye aliyelipiga pasi asubuhi ile. Yalikuwa mashindano ya vijana wanaotengeneza gemu jijini Mwanza, na mshindi angekwenda Dar es Salaam kufundishwa kazi mwaka mzima.

"Hongera," alisema jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani. "Umeitengeneza na nani?"

"Peke yangu, madam."

Tabasamu la Odeta likaganda.

"Na hii sauti ni ya nani? Imenigusa sana."

Macho ya Obedi yalipita kwenye viti, yakamkuta Odeta, yakamkuta Mama Odeta, yakahama haraka.

"Hiyo... niliitoa tu mtandaoni."

Mama Odeta alimgeukia binti yake.

"Amesemaje?"

Odeta akaikazia macho skrini.

Odeta na Obedi walijuana mwaka mmoja na nusu nyuma, Mkuyuni, kwenye steshenari ambako Odeta alikuwa akichapa barua na kutoa kopi. Obedi alikuja kuprinti karatasi zenye maandishi ya ajabu ajabu.

"Hii ni nini, kaka?"

"Kozi ya mtandaoni ya kutengeneza gemu. Nimemaliza chuo, kazi hakuna, nikasema nijaribu."

"Mtu wa fomu foo kama mimi anaweza?"

"Mwalimu yuko kwenye video. Ukiwa na kompyuta na bando, hakuulizi cheti."

Tangu siku ile, kila mchana waliinamia kompyuta ya dukani, kila mmoja na upande wake wa earphone. Siku kiboksi chekundu kiliposogea kulia kwa amri walizoandika wenyewe, walipiga kelele mpaka wateja wakashangaa. Odeta ndiye aliyekuwa anakimbia mbele. Kwenye somo la thelathini Obedi alifunga daftari, akasema basi, ameshindwa. Odeta akairudia video ile mara nne, akamfundisha upya kwa Kiswahili chepesi.

Hadithi ya gemu ilikuwa ya mama yake Odeta, aliyewauzia samaki wasafiri pale Kigongo miaka mingi, enzi za foleni ya pantoni, kabla ya daraja. Sauti waliirekodi jikoni kwake, Obedi mwenyewe ndiye aliyeshika simu. Siku hiyo hiyo alimwambia, "Mama, nitaleta barua ya posa." Akaleta kweli, ikapokelewa. Harusi ilipangwa Desemba.

Na sasa alikuwa amesimama jukwaani, jaji akimwuliza tena:

"Kila nikicheza, mawimbi yanabadilika. Hapo umeandikaje?"

"Ni... ni amri tu za kawaida, madam."

Odeta alilijua jibu mstari kwa mstari. Yalikuwa mawimbi yake. Akataka kunyanyuka aseme. Mama yake akamshika mkono.

"Twende, mwanangu."

Walikuwa bado hawajafika getini simu ya Odeta ilipotoa mlio wa meseji ya Obedi.

"NIMESHINDA! Mko wapi? Nisubirini, nitakueleza kila kitu."

Obedi alitokea mbio, beji ya ushindi ikimning'inia shingoni.

"Odeta, nisikilize. Fomu ilikuwa na sehemu ya jina moja tu."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Ningekupa, Obedi! Hiyo nafasi ningekupa kwa mikono miwili. Ungeomba tu."

Obedi aliinamisha kichwa.

"Niliogopa. Wewe umeishia fomu foo, unachapa barua. Nani angeamini? Mimi nina diploma. Nilijua mimi wataniamini."

"Na mama yangu je? Fomu ilikutaka umkane na mama yangu?"

Obedi akamgeukia mama mtu, kama ndiyo kwanza anamwona.

"Shikamoo, mama."

Mama Odeta, aliyekuwa akimwita "mwanangu" tangu siku ya barua, aliitazama beji yake.

"Marahaba, kaka," alisema taratibu. Akajitanda kanga vizuri, akatangulia barabarani.

Jumatatu Obedi alikwenda mwenyewe kwa waandaaji akawaeleza ukweli wote. Nafasi wakampa mshindi wa pili, dada mmoja aitwaye Kashindye. Yule jaji wa miwani akaomba namba ya Odeta, akampigia.

"Binti, kwa nini siku ile hukusimama?"

"Nilikuwa namfikiria mama, madam. Sikujua nimwambie nini."

"Mwakani njoo kwa jina lako. Umenisikia?"

"Nimesikia. Asante."

Zilipita wiki mbili. Odeta hakupokea simu za Obedi, wala hakuzifuta meseji zake. Jumapili moja, baada ya ibada, akamwona anakuja nyumbani kwao Kigongo. Amekonda. Odeta alikuwa amekaa kwenye kigoda akiparua samaki.

"Nimewaambia kila kitu, Odeta. Nafasi nimeikosa."

"Najua. Umefanya vizuri."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sikudanganyi."

Uso wa Obedi ukachangamka.

"Kwa hiyo Desemba..."

"Hapana, Obedi."

"Si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini siku ile ulituona. Ulitutazama mimi na mama, tukiwa tumekaa pale tunakuombea, halafu ukasema ulichosema. Nikiwa mke wako, kila mkubwa akikuuliza mimi ni nani, nitakuwa naogopa jibu lako. Siwezi kuishi hivyo."

"Nitabadilika, Odeta. Nipe muda."

"Utabadilika. Naamini kabisa. Kuna mtu atakuja kumfaidi huyo Obedi." Akachukua samaki mwingine. "Barua yenu ya posa, mshenga wenu atakuja kuichukua kesho. Mama ameshaongea naye."

Obedi hakuyafuta machozi yaliyomtiririka. Halafu akageuka, akaondoka bila kuaga.

Mama Odeta alitoka jikoni.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Unampenda bado?"

Odeta akaitikia kwa kichwa. Mama yake akamtoa kisu mkononi, akamfuta magamba vidoleni kimoja kimoja kwa ncha ya kanga, na hapo Odeta akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukumbini. Alilia mpaka mafuta ya kukaangia yaliyokuwa jikoni yakaungua, na hakuna aliyekwenda kuyaepua.