Tableti ya Mama Chebet na Drafti ya Mumewe

Watu wa Kapkatet, hasa nyinyi wanaume mnaopenda kufungua vitu visivyo vyenu, sikieni yaliyompata jirani yangu Kipkoech.

Nyumba yake ilikuwa na amani. Jioni mkewe Dorine aliketi na chai ya maziwa akisoma Biblia kwenye tableti ya vitabu, ile yenye kioo cha kijivu kisichoumiza macho. Binti yao Chebet alimnunulia baada ya kisukari kumharibu macho. Biblia ya karatasi hakuweza kuisoma tena, lakini kwenye tableti herufi zilikuwa kubwa kama maharagwe. Tena kanisa lilimchagua asome neno Jumapili ya mavuno, na mama wa watu kwa furaha akashona nguo mpya.

Basi shetani akampeleka Kipkoech, tableti ya mkewe mkononi, kwa Vinny, fundi wa simu.

"Mzee, hii ndani ni Linux, mfumo wa kompyuta," Vinny alimwambia. "Ni kompyuta kamili, kampuni imeifungia tu. Naweza kukuwekea drafti. Nimeitengeneza mwenyewe, kwa Kiswahili."

"Drafti? Kwa hii ya Biblia?"

"Hata utabiri wa mvua. Lakini kwanza tuweke kopi ya kila kitu, na umuulize mama."

"Kopi ya nini? Wewe weka!"

Jamani, kwani kumuuliza mtu mali yake kunachubua ulimi?

Drafti ikakubali. Tangu hapo ng'ombe analia hajakamuliwa, Kipkoech anasukuma kete. Dorine akiomba tableti yake anaambiwa, "Ngoja nimalize hii moja." Na mashine ilimshinda kila mara, ikimwandikia kwa herufi nene: UMESHINDWA. JARIBU TENA.

Jumamosi Dorine alichuma majani ya chai, akamwachia mumewe gunia alipeleke kituo cha kununulia chai, yeye akaenda mazoezi ya kwaya. Kipkoech akasema ataweka utabiri wa mvua kwanza. Vinny alimpa laptop kuukuu ya kuunganisha na tableti kwa waya, na onyo: usichomoe waya kabla haijamaliza. Gunia nalo Kipkoech akalifunga kabisa, akaliacha juani. Mkulima yeyote wa huku anajua majani yakifungwa hivyo yanachemka.

Mara lori la majani likapiga honi. Kipkoech akaruka, akachomoa waya, akatoka mbio na gunia. Karani wa kituo akaingiza mkono, akautoa haraka.

"Mzee, hii umepika? Imekuwa nyekundu. Rudisha nyumbani."

Akarudi akakuta tableti imekufa. Lakini kioo cha aina ile, hata kikikosa umeme, hubaki na picha ya mwisho, na picha ya mwisho ilikuwa drafti na maneno yake manene, UMESHINDWA. JARIBU TENA. Akabonyeza, akatikisa, akaomba. Halafu, mwoga huyu, akaifunika kava, akaitia kwenye mkoba wa mkewe kana kwamba ni nzima.

Jumapili kanisa lilijaa mahindi, maboga na kuku waliofungwa miguu. Dorine akasimama mbele na nguo yake mpya, akafungua kava, akainama kusoma. Nilikuwa karibu. Nikamwona akibonyeza mara mbili, kioo kisibadilike, na moyo ukaniuma sana.

"Bwana asifiwe," akasema. "Neno la leo ni hili: Umeshindwa. Jaribu tena."

"Amina!" watu wakaitikia kabla hawajaelewa.

"Sasa, Baba Chebet, kuja hapa. Wewe umeua macho yangu, leo wewe ndio macho."

Kipkoech akaenda, jasho linamtiririka, akasoma sura nzima kwenye Biblia ya mchungaji, akikwama kwa kila jina la Kiyahudi huku kuku wakimjibu.

Vinny anasema tableti inaweza kufufuka. Dorine amemwambia aache kwanza. Ameitundika ukutani sebuleni, na mpaka leo maneno yale yanasomeka kutoka mlangoni. Chini yake, kila jioni, Kipkoech humsomea mkewe kwa sauti. Akitaka kufunga kitabu mapema, Dorine anamwonyesha ukuta kwa kidole.

FUNZO

Sisemi programu za kina Vinny ni mbaya. Kufungua mashine si dhambi. Lakini weka kopi, usichomoe waya, na kabla ya yote muulize mwenyewe, maana kitu unachokiona cha kuchezea huenda ndicho macho ya mwenzako. Na gunia la majani, tafadhali, liache wazi lipate hewa.