Kiti cha Mtoto, Safu ya Tisa

"Nyuki Tatu, hapa Mzinga. Uko wapi?"

"Usa River. Nalipita lori la maua."

"Ndege inafunga mlango baada ya dakika kumi na nane."

"Nitafika, mkuu."

Parsimei akavuta mafuta hadi mwisho. Boxer ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu.

Ndiyo, Boxer. Land Cruiser nyeusi ya Kitengo ilikuwa gereji Sakina wiki ya pili sasa, ikimsubiri fundi arudi kutoka msibani. Kwa hiyo jasusi namba tatu wa Kanda ya Kaskazini alikuwa anakwenda kuokoa mali ya taifa kwa pikipiki ya kukodi.

Lakini alipendeza. Glock 19 kwapani. Kisu cha Victorinox kiunoni. G-Shock mkononi. Kifaa cha mawasiliano sikioni, kidogo kama punje ya maharage. Na Ray-Ban aliyoinunua sokoni Kilombero, kwa hiyo tusiiulize maswali mengi.

Agnela, mkuu wake, alimrudia taarifa sikioni. Kuna mtandao wa kigeni unaotorosha kobe chapati, wale bapa wanaoishi kwenye nyufa za miamba. Safari hii wako kumi na wawili, wazima. Huko nje kuna watu wanawafuga kabatini kama mapambo, na wakishapaa hawarudi. Mtoa habari alisema jambo moja tu kabla simu haijakatika: mzigo umo ndani ya kiti cha mtoto, kile cha kufunga kwenye gari, na kitapanda ndege ya asubuhi hii.

"Parsimei," akaongeza. Akitaja jina lako halisi hewani, ujue hali ni mbaya. "Mara mbili umerudi mikono mitupu. Ukirudi hivyo leo, Jumatatu unaanza kukagua vibali vya ng'ombe mnadani Oldonyo Sambu."

Mnadani Oldonyo Sambu ndiko baba yake alikouza ng'ombe maisha yake yote. Mzee alishawatangazia watu wote pale kwamba kijana wake ni mtu mkubwa serikalini.

Parsimei akavuta mafuta zaidi. Hayakuwepo zaidi.

Alipanda ngazi za ndege mbilimbili. Kitambulisho juu. Miwani machoni.

Safu ya tisa, dirishani.

Kiti chekundu cha mtoto. Ndani yake mtoto wa kiume wa miaka mitatu, anakula biskuti. Pembeni yake bibi wa Kihindi, mtandio wa kijani, miwani yenye mnyororo.

Kiti. Mtoto. Ndege.

Hesabu imekamilika.

"Kitengo Maalumu," akasema. "Napekua kiti."

Bibi alifungua mdomo. Hakupewa nafasi. Parsimei alimtoa mtoto, akampakatisha bibi yake, akachomoa kisu. Kitambaa kikachanika. Sponji ikaruka. Mikanda miwili ikakatika.

Ndani alikuta vipande vya biskuti. Soksi moja. Zabibu kavu nne na penseli ya rangi ya bluu.

Kobe hakuna.

Akachimba tena, maana mtu akishaanza kuaibika hupenda sana kuchimba.

Hakuna.

Mtoto akaanza kulia, kile kilio kinachoanzia kwenye soli ya kiatu. Simu kama kumi na tano zilikuwa juu, zinarekodi.

"Nyuki Tatu, ripoti."

Nyuki Tatu alikuwa ameshika soksi.

Bibi alimbembeleza mtoto mpaka akapunguza. Ndipo akasema, taratibu kabisa, "Mimi naitwa Fatmabai. Nina miaka sabini na moja, nimezaliwa Arusha hii hii. Miaka arobaini nimewauzia shuka mama zenu wa Kimaasai. Hakuna mtoto wao aliyewahi kunijia bila hata shikamoo."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kelele Parsimei alifundishwa namna ya kuzizima. Hili la sauti ya chini halikuwemo kwenye mafunzo.

Masikio yakamuwaka moto. Akavua miwani. Na shingo yake, bila kumuomba ruhusa, ikainama. Kwao mtoto humuinamishia mkubwa kichwa ili aguswe utosini, na hapo alikuwa mtoto kuliko yule mwenye biskuti.

"Shikamoo, bibi."

Fatmabai alikitazama kile kichwa. Hakukigusa. Hakuitikia.

Shikamoo ikabaki inaning'inia hewani, na ndege nzima ikaitazama.

"Umeuliza viko viti vingapi?" bibi akasema.

Hakuuliza. Mtoa habari alisema kiti. Yeye akaona kiti.

"Safu ya kumi na nne kuna kingine. Nimeongozana na wajukuu wanne kwenda na kurudi Toronto, hivi viti navijua. Mkanda wa ndege unapita ndani ya kiti, kwenye tundu la huku chini. Yule bwana kaupitisha juu ya mtoto, kama anafunga gunia. Nimegeuka nikamwona anahangaika, mkanda umegoma kupita. Tunduni mna kitu. Na huyo mtoto hajalia, hajaomba juisi, hajapiga teke kiti cha mbele. Mtoto gani huyo?"

Parsimei akageuka.

Safu ya kumi na nne, mgeni mwenye koti la mifuko mingi alikuwa ameshasimama. Hanna, mhudumu wa ndege, alikuwa amemwacha afunge hivyo alipodai mwanawe ana homa na asiamshwe.

Mgeni akachomoa kalamu. Kalamu ikatoa cheche za umeme.

Parsimei alikuwa ameshamfikia. Akainama. Akadaka kiwiko. Akazungusha.

Sekunde tatu. Pingu.

Akafunua blanketi. Mwanasesere, macho ya kioo, hana homa yoyote.

Kilichobaki ni kufungua kifungo cha mikanda. Glock huwa anaifungua vipande kwa sekunde tisa, macho yamefumbwa. Kifungo cha kiti cha mtoto kikamshinda. Akavuta. Akasukuma. Akakitazama kwa jicho la kutisha.

"Chekundu hapo katikati, baba," Fatmabai akamwelekeza kutoka safu ya tisa. "Kidole gumba. Kimetengenezwa mtoto asikiweze."

Watu wakacheka. Kifungo kikafunguka.

Chini ya mto, ndani ya lile tundu la mkanda, walikuwa wamepangwa kama chapati kwenye hotipoti. Mmoja akatoa kichwa, akamtazama, akakirudisha.

"Mzinga, hapa Nyuki Tatu. Wote kumi na wawili. Wazima."

"Safi. Shusha mtu, kobe na kiti."

Parsimei akamtazama mtoto wa safu ya tisa, Zahir. Alikuwa anakwenda kwa mama yake. Kiti chake kilikuwa sakafuni, kimechanwa.

"Kiti kinabaki, mkuu. Nimeshakipiga picha. Huyu mtoto nimemharibia chake."

"Hicho ni kielelezo."

"Kielelezo ni kobe."

"Haya. Fanya haraka."

Hanna akakagua kibandiko chenye maandishi mekundu kinachoruhusu kiti kutumika ndani ya ndege, akakubali. Fatmabai akapangusa palipohitaji kupanguswa, na palihitaji. Kisha akamsimamia Parsimei akifunga: goti juu ya kiti, pitisha mkanda tunduni, vuta, bado, vuta tena. Jasho likamtoka. Zahir akamtazama, akampa biskuti iliyolowa. Akaila.

"Sasa," Fatmabai akasema. "Anza upya."

Parsimei akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Mkono mwepesi ukatua utosini.

"Marahaba, mwanangu. Narudi tarehe nane. Kiti changu nikikute kimeshonwa."

Mgeni na kobe walipokelewa chini na askari. Parsimei akashuka wa mwisho. Mwendo wa taratibu, kifua mbele, Ray-Ban machoni, kiti chekundu kwapani. Kilimwaga vipande vya biskuti ngazi nzima.

Alikuwa anakifunga kwa mpira nyuma ya Boxer simu ilipolia.

Baba.

Video ilikuwa imeshafika mnadani.

Akavua miwani, ingawa mzee asingeiona.

"Shikamoo, baba."

Upande wa pili, ng'ombe ndio walioitikia kwanza.

"Yule bibi," baba akasema hatimaye. "Ulimsalimia?"

"Mwishoni nilimsalimia."

"Akaitikia?"

"Aliitikia, baba."

Ng'ombe tena.

"Haya. Marahaba."

Parsimei akavaa miwani, akapiga kiki, akaondoka taratibu kuelekea Sakina, kutafuta fundi wa kushona viti.