Kabla ya Mpaka wa Entikong

Hilux nyeusi ilikuwa nyuma yao tangu daraja la Tayan.

Haikupita. Haikubaki nyuma.

Basi lilipopunguza mwendo kwenye mashimo, nayo ilipunguza. Basi lilipokaza, nayo ilikaza. Wakati mwingine moshi uliimeza yote, zikabaki taa mbili za njano zikielea barabarani kama macho ya mnyama asiye na haraka.

Zuraida alikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba mlikuwa na pasipoti za wanafunzi, dawa ya kichefuchefu, na bastola aina ya Glock.

Kidude cha sikioni kikakwaruza, kikamwita kwa jina lake la kazi.

"Paa, unanipata?"

"Nakupata."

"Tumenasa simu. Maneno yenyewe ni haya: ndege hataimba ng'ambo, atanyamaza kabla ya mpaka."

"Nani kasema?"

"Sauti imepitishwa kwenye mashine. Ila mahali ilipopigiwa tunapajua."

"Wapi?"

"Ndani ya basi lenu."

Zuraida hakugeuza kichwa. Alifungua chupa ya maji, akanywa funda moja, akaifunga.

Ndege alikuwa amekaa kiti cha mbele, paji la uso limeegemea dirisha. Jina lake Marsela, binti wa kabila la Kidayak kutoka wilaya ya Landak, mwanafunzi wa misitu chuo kikuu cha Pontianak. Kiangazi kile alikuwa kinamasini akipima moshi, akawaona watu wakimwaga petroli kwenye ardhi ya mboji, ile inayoungua chini kwa chini majuma mazima bila kuonyesha mwali. Alimwona na bwana wao, mgeni mwenye saa ya Rolex, akielekeza kwa kidole wapi pachomwe. Bwana huyo alitaka nchi ile iwe michikichi mitupu. Vijiji viwili vilikuwa vimeshahama, na watoto walikuwa wakikohoa mpaka ng'ambo ya bahari.

Kesho Marsela angesimama Kuching, ng'ambo ya mpaka, kwenye mkutano wa vyuo vikuu vya nchi jirani, mbele ya wataalamu na mawaziri, aseme alichokiona. Hapakuwa na shahidi mwingine.

Wanafunzi walimjua Zuraida kama ofisa wa chuo wa safari za nje. Walimwita Kak Zu, dada yao mkubwa. Hawakujua zaidi ya hapo.

"Kak Zu! Karibu ndizi!" Firman, mcheshi wa msafara, alikuwa anapita kati ya viti na mfuko wa ndizi za kukaanga, mafuta yanamtiririka mpaka kiwiko.

"Nimeshiba, mdogo wangu." Zuraida akagusa ndizi kwa ncha ya kidole, akakipeleka mdomoni.

Kalimantan Magharibi hakuna asiyelijua hilo. Ukikaribishwa chakula na huna nafasi ya kula, gusa japo kidogo. Usipogusa, kempunan itakufuata njiani: nyoka, mti, gurudumu. Wenye shahada huicheka, kisha hugusa.

"Na wewe, Pak Mahrus?"

Profesa Mahrus, kiongozi wa msafara, ambaye wote walimwita Pak, mzee wao, alinyoosha kidole bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti. Akagusa, akalamba.

"Mzee anakula kwa kidole kama mtoto wa mwezi!" Firman akapiga kelele.

"Tumbo la profesa limejaa elimu," Mahrus akajibu. "Lako wewe lina nafasi mpaka Brunei."

Basi zima likacheka.

Alikuwa mtu mwema, Mahrus. Ndiye aliyempa Marsela kiti cha mbele, kwa kuwa safari humchafua moyo. Ndiye aliyelowesha leso yake akamfutia jasho dereva, kaka yao Bang Ujang, aliyekuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono yote miwili. Mama yake Marsela alipolazwa, profesa alimpelekea uji wa mboga kila jioni, ameupika mkewe. Zuraida aliyaona hayo yote. Kazi yake ilikuwa kuwashuku watu, lakini wema haukumpita bila kuuona.

Akatazama viti kimoja kimoja. Watoto wa watu. Nani kati yao?

Sosok.

Bang Ujang aliegesha basi kwenye mji huo mdogo wa njiani, mbele ya mkahawa wa mabati. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka mezani, na saa ile ya mchana mwenye duka alikuwa amewasha taa. Hilux ikasimama kando ya barabara, mbali kidogo. Mlango haukufunguliwa.

"Kunyweni kahawa," Zuraida akasema. "Mimi naelekea msalani."

Akapita jikoni, akatokea nyuma ya duka, akazunguka kwenye majani marefu. Kisu kidogo kikaingia kwenye gurudumu la nyuma la Hilux. Pssss. Kabla upepo haujaisha, alikuwa ameshafungua mlango, na mdomo wa Glock umelala kwenye shingo ya dereva.

"Honi usiiguse."

"Sijui kitu, dada! Wallahi sijui!"

"Hata sijakuuliza."

Akamfunga mikono kwenye usukani kwa mkanda wa plastiki. Akatazama nyuma, akitegemea bunduki.

Hapakuwa na bunduki.

Palikuwa na machela. Mtungi wa hewa. Koti jeupe la daktari, limepigwa pasi.

"Mlikuwa mnamsubiri nani?"

"Nimeambiwa kuna msichana ataugua njiani. Nikiitwa, nimchukue. Basi. Mimi dereva tu."

"Umpeleke hospitali gani?"

Dereva akafumba macho. "Hapakutajwa hospitali."

Zuraida akaitazama tena ile machela.

Huyu hakutumwa kuua. Alitumwa kuokota.

Kifo chenyewe kilikuwa kimeshapakuliwa.

Akakimbia.

Mezani palikuwa na furaha. Pak Mahrus alikuwa amefungua boksi la bingke, ile keki laini ya mayai na tui yenye umbo la ua, akigawa kwa mkono wake.

"Mama watoto kaoka jana. Kila mtu chake. Chenye tunda la durian ni cha Marsela peke yake, nyie wengine kaeni mbali!"

"Upendeleo gani huu, Pak!" Firman akalalamika. "Na mimi niliyebeba mabango yote?"

"Mabango hayatapiki safarini. Mwache apate nguvu."

Marsela alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akakichukua kile kipande kwa uma. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa, na mtoto aliyelelewa hali mbele ya mkubwa kabla hajamkaribisha. Akarudisha uma, akainua sahani kwa mikono miwili.

"Karibu, Pak."

"Kula, mwanangu. Mimi sina njaa."

"Basi gusa tu."

Mahrus akacheka. Mkono wake ukateremka chini ya meza.

"Kula, kula. Bang Ujang anataka kuondoka."

"Pak, gusa!" Firman akadakia. "Barabara yenyewe hii, moshi wenyewe huu, halafu utuletee kempunan? Sote tutaishia mtoni!"

"Mambo ya kizee hayo."

Wote wakamgeukia. Mtu aliyezaliwa Sambas, Kalimantan hii hii, aliyelamba kidole kwa kila ndizi, kila karanga na kila kikombe tangu asubuhi, aliita mambo ya kizee!

Zuraida alikuwa ameshafika. Akaiondoa sahani mikononi mwa Marsela, taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto wembe. Akaiweka mbele ya profesa.

"Gusa, Pak Mahrus."

"Bi Zu, una nini wewe?"

"Kidole kimoja."

Uso wa mzee ukawa wa kijivu kama hewa ya nje. Akatazama ile keki. Akamtazama Marsela.

"Waliniambia atalala tu," akasema kwa sauti ndogo. "Siku chache. Mkutano upite. Nisingekubali la zaidi. Huyu ni kama mwanangu."

"Kama ni kulala tu, gusa."

Jikoni maji yalisikika yakichemka. Mbwa alibweka ng'ambo ya barabara.

Mkono haukutoka chini ya meza.

"Pak?" Marsela akaita.

Mkono ukatoka. Ulikuwa umeshika bastola, Beretta.

"Marsela, simama. Tunakwenda kwenye gari wewe na mimi. Wengine wasitikisike."

Msichana akaanza kuinuka. Miguu yake ilimtii mwalimu kabla akili haijakataa.

Zuraida hakuigusa Glock. Palikuwa na watoto wengi mno. Aliikamata birika ya kahawa iliyokuwa mezani na kuizungusha mara moja. Kahawa ya moto ikamwagikia kifundo cha mkono wa profesa, bati likafuata juu yake. Mfupa ukalia. Beretta ikaruka chini ya meza, na Firman akaikalia.

"Nimeikalia, Kak!" akapiga yowe. "Nifanye nini?"

"Endelea kukaa."

Akamlaza profesa kifudifudi. Goti mgongoni. Mkanda wa plastiki. Krrr.

"Nimempata," akasema kwenye kidude. "Leteni gari Sosok. Na mtu wa maabara. Kuna kipande cha keki, kisiguswe kwa mkono mtupu."

"Ni nani, Paa?"

Zuraida alimtazama mzee chini ya goti lake.

"Kiongozi wa msafara."

Wahenga husema mchawi mpe mwana kulea. Chuo kilimpa. Kwa miaka minne alimlea Marsela kweli. Hilo ndilo lililouma.

Marsela hakulia. Zuraida alimshika mkono, akampeleka kwenye pipa la maji uani, akamsabunisha viganja, kidole baada ya kidole, akamsuuza, akarudia.

"Sitaki tena kwenda Kuching, Kak."

"Sawa."

"Husemi niende?"

"Umeshaamrishwa mengi leo. Basi linaweza kukupeleka ng'ambo, na linaweza kukurudisha kwa mama yako. Popote, mimi nitakaa kiti cha pembeni yako."

Msichana alikaa akitazama moshi juu ya vilima. Chini ya moshi ule, mahali fulani, ardhi ilikuwa ikiungua bila mwali.

"Yule mwenye Rolex bado yupo?"

"Yupo. Na pesa anazo."

Marsela akakausha mikono kwenye sketi yake.

"Bang Ujang!" akaita. "Washa gari."

Ukumbi wa Kuching ulijaa. Bendera, vipaza sauti, wakalimani kwenye vibanda vya vioo. Zuraida alisimama mlangoni, macho kwenye mikono ya watu.

Jina la Marsela likatajwa. Akapanda jukwaani mdogo kama mtoto wa shule, akavuta kipaza sauti chini.

"Kila ninachokijua kuhusu moshi," akaanza, akaacha. Akainua macho kwenye ukumbi. "Kila ninachokijua nilifundishwa na Profesa Mahrus. Kusoma upepo. Kujua moto ulipoanzia. Kutoandika nisichokiona. Jana alitaka ninyamaze. Leo nitatumia yote aliyonifundisha."

Kisha akasema. Mahali. Petroli. Yule mgeni na kidole chake. Hakupandisha sauti wala hakuruka neno. Safu ya tatu ya viti, mtu mmoja mwenye suti ya bluu aliinuka na kujipenyeza kuelekea mlangoni, simu sikioni, akimwambia bwana wake kwamba binti anasema.

Mlangoni alimkuta mwanamke mnene kidogo, mwenye mkoba mkubwa.

"Kaa, mjomba," Zuraida akasema kwa upole, akafungua mkoba kiasi cha mtu kuona ndani. "Binti hajamaliza."

Mtu yule akakaa.

Makofi yalipoanza, polisi wawili wa Sarawak walikuwa wamesimama pande zake zote mbili. Zuraida hakungoja picha ya pamoja. Akafunga mkoba, akavaa barakoa, akashuka ngazi.

"Paa, uko wapi?"

"Nje."

"Yule wa Rolex ameonekana mji wa Miri. Ana ndege jioni."

Moshi ulikuwa umevuka mpaka usiku kucha bila pasipoti, umelala juu ya paa zote za Kuching. Zuraida akainua mkono, teksi ikasimama.

"Uwanja wa ndege," akamwambia dereva. "Lakini kwanza nipitishe palipo na supu nzuri ya laksa."