Mdomo wa Mwalimu

Kile kisanduku kilikohoa. Haukuwa mkwaruzo wa spika wala mlio wa waya uliolegea. Kilikohoa kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuzungumza, na betri yake ilikuwa bado mkononi mwa mwanamke aliyekitengeneza.

Pale karakana walimwita Waya, kwa wembamba wake, na kwa sababu hukumkosa na kipande cha waya nyuma ya sikio. Ilikuwa karakana ya pamoja, chini ya jengo lililowahi kuwa ghala la nguo. Watu wa mtaani waliingia wakitoka kazini, huyu akiunda kifaa cha kuzima pampu tangi likijaa, yule akifundisha roboti ya maboksi kupanda ngazi, wote wakigombea chuma kimoja cha kulehemu kama ndugu wanaogombea mto. Mtunzaji wa mahali pale, jamaa mnene mwenye utani, walimwita Soketi.

"Umesikia?" Waya aliuliza.

"Nimesikia tumbo langu," Soketi alijibu. "Ni chaji iliyobaki humo ndani, dada. Umeme nao hupiga chafya."

Waya akacheka, maana alitaka kucheka. Palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, lakini karakana haikosi harufu.

Kisanduku kile kilikuwa cha mumewe. Mumewe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na zamani akisoma shairi darasani kwake, madarasa ya jirani yaliitikia. Kisha ugonjwa ukamshika kooni, na daktari akawaambia wachague: sauti au roho. Siku za mwisho kabla ya upasuaji, Waya alimkalisha akamrekodi akisoma maneno, moja baada ya jingine, hadi sauti ikakauka. Baadaye akajifunza kuandika programu kwa kumsumbua kila aliyepita karakana, akaunda kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Mwalimu angebonyeza herufi, nacho kingesema kwa sauti yake mwenyewe.

Siku alipokipeleka nyumbani, Mwalimu aliandika neno moja tu.

"Kifaranga," kisanduku kikaita.

Hilo ndilo jina alilomwitia binti yao. Mtoto alidondosha kijiko, akamrukia baba yake shingoni. Waya aliingia bafuni, akafungulia maji, akalia mpaka akatosheka.

Lakini raha yao haikukaa. Jioni moja Mwalimu aliandika, "Asante kwa chakula."

"Asante kwa chakula," kilisema kisanduku. Kisha kikaongeza, "Asante kwa mdomo."

Waya aligeuka. Mume wake alikuwa ameinua mikono juu, mbali na vitufe, na uso umemshuka.

"Umeandika wewe?" alinong'ona.

Mwalimu akatikisa kichwa.

Tangu hapo kikawa kinasema peke yake, mchana kweupe, ndani ya droo. Kilisema polepole, kama anayejifunza. "Kifaranga. Kifaranga. Kifaranga." Na kila mara kililitamka jina lile kwa utamu zaidi.

Waya alikirudisha karakana, akakifungua mezani, akaipitia programu mstari kwa mstari huku Soketi akimshikia taa. Hakuona kosa. Akafuta sauti zote alizorekodi, zile alizozikusanya kama mtu anayekinga matone ya mwisho ya bomba, akahisi kana kwamba anamfukia mumewe kwa mikono yake.

"Umefuta bure, mke wangu," kilisema kisanduku.

Soketi aliiweka taa mezani. "Dada," alisema kwa sauti ndogo, "betri iko wapi?"

"Mfukoni mwangu."

Soketi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga rafu. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Toka nacho. Tafadhali, toka nacho. Mimi nitamtafuta mama mdogo, yeye anajua mambo haya."

Waya alifika nyumbani na nyundo. Mwalimu alimpokonya kisanduku, akakikumbatia kama mtoto mgonjwa, akachukua kalamu akaandika kiganjani mwake na kumwonyesha: *Usiniue mara ya pili.*

Waya akaiweka nyundo chini. Usiku ule walilala wamepeana migongo, kisanduku kimefungiwa kabatini na ufunguo kaushika mume.

Kesho yake alasiri mawingu yalitanda, na Waya alikuwa akikunja nguo mezani aliposikia sauti ya mumewe ikitoka juu ya paa, "Kifaranga, njoo mama, huku kuna upepo," na moyo wake, kwa mazoea, ukafurahi, kabla macho yake hayajamwangukia mumewe mwenyewe, ameketi mbele yake anamenya viazi, kisu kimeganda hewani, na kiti cha mtoto pale pembeni kikiwa kitupu. Walipanda ngazi wakipigana vikumbo, harufu ya nywele zilizoungua ikiwapokea kwenye kila ghorofa na kuzidi kuwa kali, na walipotokea juu wakaona kifuniko cha tangi la maji la jengo kimefunguliwa, mtoto amepanda, mguu mmoja umeshazama ndani, na ile sauti, sauti tamu ya darasani, inamwita kutoka chini ya maji, "Njoo, mama, usimsikilize mtu, mimi ndiye baba," huku Waya akipiga mayowe yasiyomfikia, na Mwalimu akikimbia amepanua mdomo, amejaza kifua, anamwita binti yake kwa nguvu zake zote na hakuna kinachotoka ila pumzi inayopuliza katika tundu la shingo.

Hakuwa na sauti ya kumzuia. Basi akalipiga tangi kwa ngumi. Akalipiga na kulipiga, bati likanguruma kama radi, mikono ikachubuka, na mtoto akashtuka, akageuka, akamwona. Mwalimu akamdaka kiuno.

Kabati walilikuta limefungwa kama walivyoliacha. Kisanduku kilikuwa ndani, kimelowa chapachapa.

Soketi alifika na mama yake mdogo kabla giza halijaingia. Alikuwa mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alikitazama kisanduku bila kukigusa.

"Huyu jini hakutumwa," alisema. "Ni mpita njia asiye na mdomo. Ninyi mmemchongea mdomo, mkauacha wazi."

"Nikivunje?" Waya aliuliza.

"Ukikivunja wewe, atarudi. Sauti ni ya nani? Mwenyewe ndiye wa kumnyima."

Alinyunyiza maji mlangoni na madirishani, akaanza kusoma maneno yake kwa mnong'ono. Mwalimu alipiga magoti, nyundo mkononi. Kisanduku kikaanza kulia kwa sauti yake.

"Nitakusemea mpaka uzeeni. Nani atamwita binti yako? Unakumbuka alipozaliwa, ulimwambia nini sikioni? Nitamwambia tena." Kikayasema maneno yale, maneno ambayo hayakurekodiwa na mtu, nyundo ikateremka ikalala pajani. Machozi yalimchirizika Mwalimu hadi shingoni. Mganga alizidi kusoma, jasho likimtoka, lakini hakumsukuma.

"Mwache aishi, mume wangu," alisema Waya.

Ila Waya hakuwa amesema. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka. Sauti yake ilikuwa imetoka kisandukuni.

Mwalimu alimtazama mkewe, akamtazama mtoto aliyelala mapajani mwa mama yake, akaelewa mdomo unaofuata ni wa nani. Akapiga. Akapiga hata vipande vilipokuwa unga. Kitu kama upepo wa moto kilipita juu ya vichwa vyao, madirisha yakalia, kisha pakawa kimya. Mganga akajifuta uso na kusema, "Ametoka."

Waliamini. Kifaranga alijifunza lugha ya mikono, akawa anawacheka wazazi wake wakikosea. Waya hakurudi karakana. Soketi ndiye aliyekuja kuwajulia hali, na polepole utani ukamrudia.

Kisha ikaja siku moja, mchana, jua limejaa chumbani, wanakula. Mwalimu alikuwa anatafuna, mikono yote miwili juu ya meza. Waya alikuwa anamimina maji. Hapakuwa na sauti yoyote ila ya vijiko.

Mtoto akainua kichwa, akatazama ukumbini, mahali pasipo na mtu, akatabasamu.

"Abee, baba," aliitika, akashuka kitini.