Pumzi ya Mjuaji

Diski iligonga mara tatu, ikanyamaza. Tik, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Mwenye akili angeizima kompyuta akaenda kwa fundi. Lakini mume wa mshonaji watu walimwita Mjuaji, na jina hilo hakupewa kwa heshima.

"Usiiguse," mkewe alimwambia kutoka kwenye cherehani. "Sauti ya mama imo humo, na sina nyingine."

Marehemu mama yake alirekodiwa saa nzima akisimulia na kucheka, na nakala ilikuwa hiyo moja, ndani ya diski hiyo, kisanduku cha chuma kisichozidi kiganja.

"Fundi wa nini, mama watoto? Nimeona video."

Ameona video! Hata mbuzi ameona gari, mbona haliendeshi?

Kwanza aliichomoa diski, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki akailaza kwenye friza katikati ya samaki, kwa kuwa mjinga mwenzake alisema baridi huiponya. Ikatoka imeloa kama mgonjwa wa homa. Basi akaiweka juu ya meza ya jikoni, mchana kweupe, akafungua kifuniko kwa bisibisi ya cherehani. Ndani palikuwa na sahani inayong'aa kama kioo, na uso wake mwenyewe juu yake, na kivumbi kidogo. Akainama akapuliza.

Ule uso kwenye kioo haukupuliza. Ulivuta pumzi.

Mjuaji akajiambia ni macho tu. Akaiunganisha vilevile ikiwa wazi, sahani ikazunguka, na ile tik ikageuka kraa, kraa, kama kucha kwenye sufuria, na jikoni kukanuka nywele zilizoungua, na harufu ikamwingia puani ikashuka kooni ikakaa, na alipotaka kukohoa hakuweza, na katikati ya ule mkwaruzo, spika zikiwa zimezimwa, ikatoka sauti ya kikongwe: "Puliza tena, mkwe wangu mpenzi."

"Umesikia?" akanong'ona. "Nimemrudisha mama!"

Mkewe alikuwa mlangoni, mkasi mkononi. "Sauti ni yake," akasema polepole. "Lakini huyo si mama. Mama hakukuita mpenzi hata siku moja. Alikuita bwege."

Akang'oa waya. Sahani ikaendelea kuzunguka.

Akaifunika kwa sufuria, akaibeba hivyo hivyo, mkasi ukiwa kiunoni, hadi kwa fundi, Mjuaji akimfuata nyuma. Fundi alikuwa mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Alipofunua, sahani ilikuwa imetulia. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Nani kaifungua?"

"Mimi."

"Ukapuliza?"

"Kidogo tu."

"Kidogo! Hapa chembe ya vumbi ni jiwe, na mate yako ni matope. Imekwanguka mpaka imebaki kioo kitupu. Mngeniletea imezimwa, sauti ningeitoa leo leo."

"Na hicho kilichokuwa kinasema?" mkewe akauliza kwa sauti ya chini.

Fundi akainusa. "Humu hamna kitu, dada. Wala sauti, wala kingine. Kimetoka."

"Kimekwenda wapi?"

Fundi alimtazama Mjuaji kinywani, kisha akasogeza kiti chake nyuma.

Walirudi nyumbani bila neno. Hapo tu ndipo ungejua kuna jambo: Mjuaji, kimya njia nzima! Walipoingia ndani akafungua kinywa ajitetee, kama kawaida yake. Kikatoka kicheko cha mwanamke mzee, chenye kile kikohozi mwishoni, kilekile cha kwenye rekodi.

"Bwege wewe," kinywa chake kikasema.

Lile jini lililomwingia kwa ile harufu lilikuwa limemsikia mke jikoni, likajirekebisha. Lilifundishika upesi kuliko mwenyeji wake. Mjuaji aliziba mdomo kwa mikono miwili, na kicheko kikaendelea kupita kati ya vidole, na macho yake yakamwomba mkewe arudi mbio kwa fundi, kwa mganga, kwa yeyote anayejua kweli.

Mkewe akauchomoa mkasi kiunoni, akauweka chini, akavuta kigoda, akakaa karibu.

"Sema tena, mama," akasema.